Mchele mwitu wa Waojibwe: upi ununue, upi uuache, na namna ya kuupika usiharibike

Mwaga pakiti tatu za mchele mwitu kwenye sinia moja, kila moja fungu lake, na mtu asiyeujua ataapa kwamba ni nafaka tatu tofauti. Fungu la kwanza jeusi tii, linang'aa kama limepakwa mafuta, punje zote saizi moja. La pili kahawia iliyokolea, punje ndefu na nyembamba. La tatu limechanganyika: rangi ya mbao kavu, kijivu, kijani kilichofifia, punje fupi na ndefu pamoja, chache zimepasuka, na ukiliinamia linanukia moshi kwa mbali. Pakiti zote zimeandikwa "wild rice". Fungu la tatu huuzwa mara mbili, mara tatu ya bei ya lile la kwanza, na mnunuzi aliyezoea kupima mchele kwa unyoofu na usawa wa punje atachukua la kwanza na kuacha lililo bora rafuni.

Jina lenyewe linachanganya. Mkulima wa Kyela au Mbarali akisikia mpunga pori anafikiria gugu linalomharibia shamba. Huu ni mmea mwingine, Zizania palustris, nyasi ya mwaka mmoja inayoota yenyewe kwenye maziwa na mito ya polepole ya misitu ya kaskazini mwa Marekani: majimbo ya Minnesota, Wisconsin, Michigan, na Ontario ng'ambo ya mpaka wa Kanada. Unataka tope laini na maji ya kina cha sentimita 15 hadi 90. Waojibwe, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika ambao maziwa hayo ni kwao, wanauita manoomin, na katika simulizi zao ndio uliowatoa mashariki: waliambiwa waende mpaka watakapokuta chakula kinachoota juu ya maji. Kwa lishe, gramu 100 za mchele mkavu zina karibu gramu 15 za protini na gramu 6 za nyuzi, kwa hiyo unashibisha kuliko mchele mweupe wa uzito huohuo.

Wahenga walisema mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Kwa huu mambo yamepinduka: ulivyovunwa na ulivyokaangwa ndivyo vinavyokuamulia mapishi. Basi tuanze na lile fungu jeusi.

Huo ni mchele wa shambani. Mchele mwitu wa ziwani una tabia inayomuudhi mwenye mashine: punje za suke moja haziivi pamoja, na inayoiva hudondoka majini siku hiyohiyo. Ndivyo mmea unavyojipanda wenyewe. Minnesota walianza kuulima kwenye majaruba miaka ya 1950, na mwaka 1968 ikatolewa mbegu inayoshikilia punje kwenye suke hadi kombaini ifike. Kilimo kikahamia pia California, kwenye Bonde la Sacramento, maili elfu na zaidi kutoka ziwa lolote la Waojibwe. Shambani maji hutolewa, kombaini hupita, mpunga mbichi hurundikwa na kuloweshwa na kugeuzwa kwa siku kadhaa huku ukichacha kidogo, kisha hukaangwa kwenye mapipa makubwa. Weusi ule unatokana na kurundikwa huko. Utando wa nje wa punje unabaki mzima na mgumu, maji yanachelewa kuingia, ndiyo maana unapikwa dakika 45 hadi 60. Ladha yake ni ya udongo na chai nzito, haina moshi. Kwa supu inayochemka muda mrefu unafaa sana, na hatuoni haja ya kuudharau. Tatizo ni pale unapouzwa kwa picha ya mtumbwi na ndege wa majini kwenye pakiti.

Fungu la kahawia mara nyingi linatoka Kanada, hasa kaskazini mwa Saskatchewan. Ni la ziwani kweli, halitiwi mbolea wala dawa, ila huvunwa kwa boti zinazosukumwa na feni, zenye sinia kubwa mbele linalopita kwenye masuke na kuzoa kilichoiva. Na Saskatchewan mmea huu si wa asili, mbegu zilipelekwa na watu katika karne ya 20. Ni mchele safi, thabiti, wa bei ya kati. Ukiona "lake wild rice" bila neno lolote kuhusu mkono, chukulia ni huu.

La tatu ndilo linalostahili maelezo marefu, kwa kuwa kila senti ya bei yake ina kazi nyuma yake.

Mtumbwi mmoja, watu wawili. Mmoja amesimama nyuma na upondo wenye ncha ya panda, anausukuma mtumbwi polepole katikati ya mabua yaliyomzidi kimo. Mwenzake ameketi na fimbo mbili nyepesi za mwerezi. Fimbo ya kulia inainamisha mabua juu ya mtumbwi, ya kushoto inapapasa masuke, kisha anageuza upande. Hapigi. Akipiga, mabua yanavunjika na punje ambazo zingeiva wiki ijayo zinapotea, na mvunaji anayefuata atalikuta ziwa limelala kama limepitiwa na ng'ombe. Punje iliyoiva inadondoka kwa kuguswa tu, isiyoiva inabaki, na nyingine zinaangukia majini kuwa mbegu ya mwakani. Ziwa moja hupitiwa mara kadhaa kati ya mwisho wa Agosti na Septemba. Mpunga mbichi una ndevu kali zinazochoma, hupenya nguo na ni hatari kwa jicho na koo. Ndani yake wamo viwavi wadogo wanaouma. Wavunaji hufunga mikono ya shati na kuvaa miwani hata kama jua ni la kuchoma.

Mpunga ukifika nchi kavu haulali kwenye magunia. Ukilala, unapata joto, unaota ukungu, na harufu ile haitoki hata ukaukaange vipi. Hutandazwa kwenye turubai siku moja au mbili. Kisha sufuria kubwa ya chuma, moto wa kuni usio mkali, na kasia la mbao linalogeuza bila kupumzika hadi kumvi zikauke na punje zikakamae. Hapa ndipo mchele hupata moshi wake, na hapa ndipo mwingi huharibika: moto ukizidi, punje zinaungua upande mmoja na kuwa chungu, ukipungua, unyevu unabaki ndani na mchele unaota kuvu kwenye pakiti miezi miwili baadaye. Baada ya kukaangwa, hukanyagwa kwenye shimo lililozungushiwa mbao, mtu amevaa ndara laini za ngozi na kushikilia mti pembeni ili uzito wake usizizidi punje. Kinu na mchi vingeutoa chenga tupu. Mwisho hupepetwa kwenye ungo wa magome ya mti, na mwenye kujua kupeta Kisarawe au Kilifi angeishika kazi hiyo bila kufundishwa. Siku hizi wengi hutumia pipa la chuma linalozungushwa na mota juu ya moto wa kuni, pamoja na mashine ya feni ya kupepetea. Ladha haipungui, mradi moto uwe wa kuni. Kilo 100 za mpunga mbichi hutoa kilo 40 hadi 50 tu za mchele. Hiyo peke yake inaeleza nusu ya bei.

Nusu nyingine ni maji na sheria. Mmea huu ukiwa katika hatua ya majani kuelea, mwezi Juni, maji yakipanda ghafla kwa mvua au kwa bwawa lililofungwa vibaya, unang'oka na mavuno ya mwaka yamekwisha. Hautaki salfeti nyingi (chumvi za salfa, kama zinazotoka migodini), ndiyo sababu Minnesota tangu 1973 imeweka kikomo cha miligramu 10 kwa lita katika maji ya mchele mwitu, na kikomo hicho kinagombaniwa na wenye migodi hadi leo. Watu wa huko huhesabu kwamba katika miaka minne, mmoja ni wa neema, miwili ya kawaida, mmoja wa kukosa. Bei ikiruka mwaka huu, ulizia mvua za Juni kabla hujamlaumu muuzaji.

Kuhusu nani anaruhusiwa kuvuna: maziwa mengi ya mchele yapo katika ardhi ya umma, yaleyale ambayo mwishoni mwa Septemba hujaa wawindaji wa bata, kwa sababu bata nao huufuata mchele. Katika mkataba wa 1837, ambao Waojibwe waliiachia Marekani sehemu kubwa ya Minnesota na Wisconsin ya leo, kifungu cha 5 kinataja kwa jina kuwinda, kuvua samaki na kukusanya mchele mwitu katika ardhi, mito na maziwa hayo. Mwaka 1850 Rais Zachary Taylor alitoa amri ya kuzifuta haki hizo na kuwahamisha watu. Waojibwe wa Mille Lacs walikwenda mahakamani mwaka 1990, na Machi 1999 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, kura 5 kwa 4, kwamba amri ile haikuwa na nguvu na haki zipo. Kwa hiyo kwenye ziwa moja la umma utakuta wavunaji wenye kibali cha kabila lao na wavunaji wenye leseni ya jimbo, na wote ni halali. Ndani ya mipaka ya maeneo ya makabila, kama White Earth, Leech Lake, Bois Forte au Fond du Lac, sheria ya Minnesota inawaachia Waojibwe na wakazi wa humo tu. Nett Lake, lenye sifa kuliko yote kwa mchele, liko ndani ya Bois Forte. Usiende na mtumbwi wako.

Waswahili walioko Minneapolis na vitongoji vyake huulizana kama inafaa kwenda kuvuna wenyewe. Inafaa, ila soma masharti kwanza. Leseni ya mkazi wa Minnesota ni dola 25 kwa msimu au dola 15 kwa siku. Mgeni wa jimbo hulipa dola 30 kwa siku. Msimu ni Agosti 15 hadi Septemba 30, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na kuvuna usioiva ni kosa hata kama tarehe imefika. Mtumbwi usizidi futi 18 kwa urefu na inchi 36 kwa upana, hakuna mota, fimbo zisizidi inchi 30 na kila moja iwe chini ya ratili moja. Wisconsin wana vipimo vyao, hawawaruhusu wasio wakazi, na baadhi ya maziwa hufunguliwa kwa tarehe inayopangwa na jimbo pamoja na makabila; tangazo hubandikwa kwenye gati. Kosa la wanaoanza ni kudhani kazi inaishia majini. Panga mkaangaji kabla ya kushuka mtumbwini, maana wakati wa msimu foleni zao ni ndefu na mpunga wako hautakusubiri.

Na swali la pili, linaloulizwa kila mara: mbegu zake zinaweza kupandwa Mwea au Ruvu? Ulio kwenye pakiti umekaangwa, umekufa. Hata mbegu hai inahitaji kulala miezi mitatu hivi ndani ya maji yanayokaribia kuganda kabla ya kuota. Mwea hakuna baridi hiyo.

Turudi dukani. Minnesota, sheria inataka mchele wa shambani uandikwe "paddy grown" kwa herufi zinazoonekana. Majimbo mengine utakutana na "cultivated", au usikute kitu. Tafuta "hand-harvested" na "wood-parched" kwa pamoja. Moja bila jingine ni nusu ya habari: upo uliovunwa kwa mkono ukakaangwa kwa gesi, mzuri lakini bila moshi. Jina la kabila nalo halimalizi swali. Native Harvest ya White Earth huuza wa ziwani. Waojibwe wa Red Lake wana mashamba yao wenyewe ya mchele wa kulimwa na huuza huo pia, na hawaufichi, basi soma pakiti. Maboksi ya mchanganyiko tunayaweka kando: mara nyingi ni mchele mweupe mrefu uliotiwa punje nyeusi za kupambia, na unalipia jina.

Pakiti ikifika nyumbani, uchague kwenye sinia kama mchele wowote wa sokoni. Katika wa mkono utapata chuya chache, kijiti, labda kijiwe. Punje yoyote ya zambarau au waridi iliyokaa kama kinyesi cha panya, itupe. Hiyo ni kuvu ya nafaka na ina sumu. Chuya zikizidi kijiko kimoja kwa nusu kilo, huyo mkaangaji hakupepeta vizuri, na msimu ujao badilisha.

Mapishi ya ule wa ziwani uliokaangwa kwa kuni: kikombe 1 cha mchele, osha maji mawili matatu mpaka vumbi la moshi liishe. Chemsha vikombe 3 vya maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi, tia mchele, punguza moto, funika. Dakika ya 15 funua uangalie. Unachotafuta ni punje iliyopasuka ubavu mmoja ikaonyesha weupe ndani huku imenyooka bado. Ikianza kujikunja ncha zote mbili kama kipepeo, umechelewa, na dakika tano zaidi ni bwabwa. Wengi huiva kati ya dakika 20 na 25. Mwaga maji yaliyobaki (yaweke kwa ajili ya supu, yana ladha), funika tena nje ya moto dakika 10. Kikombe kimoja hutoa vitatu hadi vinne, kwa hiyo nusu kilo hulisha watu wengi kuliko bei inavyotisha. Usisubiri maji yakauke yenyewe kama wali wa kawaida, na usitegemee ukoko.

Mweusi wa shambani unataka vikombe 4 vya maji na karibu saa nzima. Ukiuloweka usiku kucha utaokoa zaidi ya robo saa. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuutia sufuria moja na basmati: basmati inakuwa uji wakati mwitu bado ni changarawe. Pika kila mmoja peke yake, changanya sehemu moja ya mwitu kwa mbili za basmati wakati wa kupalia.

Pilau hatuipendekezi kwa ule wa gharama. Mdalasini, iliki na bizari nzima zinaufunika moshi wote, na hapo mweusi wa bei rahisi ungetosha. Nazi inaupenda zaidi: uchemshe kwa maji dakika 15, mwaga maji, tia nusu kikombe cha tui zito, umalizie kwa moto mdogo. Tui likitiwa mwanzoni, mafuta yake yanazivisha punje na maji hayapenyi. Unakaa vizuri na samaki wa kuchoma au kuku wa nazi. Ila jua kwamba haushikani. Mla kwa mkono atahangaika, tonge halifungi, punje zinateleza kati ya vidole. Weka kijiko mezani au uchanganye na wali mweupe.

Kuna na bisi zake. Punje kavu, zisizooshwa, kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Tupa punje moja, ikifumuka ndani ya sekunde mbili tatu mafuta yako tayari. Weka kijiko kimoja kimoja kwenye chujio la chuma, zamisha, toa mara moja. Sekunde tano za uzembe na zimekuwa mkaa. Hapa mweusi wa shambani hauaibishi hata kidogo.

Mkavu, kwenye chombo kisichopitisha hewa, unakaa miaka. Uliopikwa hukaa wiki moja kwenye friji, na miezi kadhaa kwenye barafu bila kubadilika sana, tofauti na wali unaotoka umekakamaa.

Na wachache wanaouliza hupata kitu kizuri kuliko vyote kwa bei: chenga. Wauzaji wengi wa mchele wa mkono huzitenga na kuziuza rahisi kwa sababu mnunuzi anataka punje nzima. Ni mchele uleule, wa ziwa lilelile na moto uleule. Huiva dakika 10 hadi 15. Tia maziwa na sukari ya mti wa mepo (maple), kama Waojibwe wenyewe wanavyopenda kuula asubuhi, na uji huo unakuwa na moshi ndani yake.